Kibuyu Nilichokipisha

Treni ya Mombasa ilitushusha Kisumu tukiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu, mabaharia wa manowari, na ile ilikuwa likizo yetu ya kwanza tangu vita vianze. Ningeweza kwenda Tanga nilikozaliwa, lakini mama yangu alikuwa amekwisha kufariki, na nyumba yetu ilikuwa imepangishwa watu nisiowajua. Rafiki yangu aliniambia, "Twende kwetu Bukoba. Utakula ndizi mpaka usahau mchele." Nikaenda. Wakati ule nilikuwa mtu wa kwenda popote nilipoambiwa twende.

Kule Kisumu tulipanda meli ya ziwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kufika Aden na Ceylon, nimeona mawimbi marefu kama vilima. Nikalitazama lile ziwa, nikacheka.

"Hili ni bwawa," nikasema.

"Sema polepole," rafiki yangu akanijibu. "Linasikia."

Alasiri upepo ulitoka kusini. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya haraka, hayampi mtu nafasi ya kuyazoea, na kabla jua halijatua nilikuwa nimeinama kwenye ukingo wa meli natapika chai ya asubuhi. Rafiki yangu alinishika mkanda kwa nyuma nisitumbukie. Wanawake waliokaa na kuku wao sitahani walinitazama, nikiwa nimevaa sare nyeupe, wakaanza kucheka.

"Baharia wa Mfalme!" mmoja akasema. "Bwawa limemshinda!" Kumbe walikuwa wamenisikia.

"Usiniachie, ndugu yangu," nikamwambia rafiki yangu.

"Nikikuachia, dada yangu ataolewa na nani?"

Ulikuwa utani tu. Hata sikujua kama ana dada.

Tulifika Bukoba asubuhi, maji yametulia kana kwamba hayajawahi kumtapisha mtu. Harufu ya kwanza niliyoikuta bandarini ilikuwa ya kahawa mbichi kwenye magunia. Tulipanda lori la Mhindi lililokuwa likielekea Muleba, tukapita migomba ambayo haikuwa na mwisho, na mchana tulikuwa kwao, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Mama yake alipiga magoti kutusalimu, nikaona haya, kwa sababu kwetu mama hampigii kijana magoti. Kisha akaleta kikapu kidogo chenye mfuniko, akakifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na punje za kahawa zilizochemshwa na majani na kukaushwa. Sisi wa pwani tunainywa kahawa. Nilitazama mlangoni nikidhani kikombe kinakuja.

"Tafuna, mwanangu," akasema. "Mgeni hukaribishwa hivyo."

Nikatafuna. Ilikuwa chungu kidogo, halafu ikawa tamu. Msichana aliyesimama nyuma ya mama alikuwa akijizuia kucheka. Huyo ndiye dada.

Nilimwoa katika likizo iliyofuata. Baba yao, aliyekuwa amekwisha kufa, alikuwa amesilimu zamani kwa wafanyabiashara wa pwani waliokaa Bukoba mjini, kwa hiyo hapakuwa na tatizo la dini. Shemeji yangu, kama nilivyoanza kumwita yule rafiki, alikuwa Mwislamu wa mjini tu. Akishafika Muleba alikunywa rubisi, pombe yao ya ndizi, kama jirani zake wote. Mimi sinywi. Sikuwahi kumsema kwa hilo, na yeye hakunisema.

Niseme kidogo juu ya kazi yangu, maana watu wengi wanadhani baharia ni mtu wa kila bandari. Mimi nilikuwa na bandari moja. Nilikaa jeshini baada ya vita kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari, na wakati wa vita wakubwa walikuwa wametufundisha, mimi na shemeji, kazi ya ishara, za bendera na za taa. Nilipanda mpaka cheo cha ofisa mdogo, ambacho kwa Mwafrika siku zile ndicho kilikuwa dari. Kila nilipopata likizo nilishika njia ile ile ya treni na meli. Watoto wangu watatu walizaliwa Muleba, wawili nikiwa baharini. Niliwafundisha kuongea kwa mikono, kila mkono na kitambaa chake, na wakawa wanasimama juu ya mteremko meli ikipita chini kuelekea Mwanza, wanawapigia ishara watu wasiowajua. Mke wangu alisema jirani walidhani watoto wetu wanafukuza ndege.

Senene, wale panzi wa kuliwa, walipotoka aliniwekea kopo zima, wamekaangwa na chumvi, nikawala melini kule Mombasa. Wenzangu wa pwani walipouliza ni nini, niliwaambia ni uduvi wa nchi kavu. Wakala wakamaliza.

Kitu nilichokitaka kuliko cheo kilikuwa kibanja. Kwa Wahaya kibanja ndicho kila kitu: migomba, kahawa katikati ya migomba, nyumba katikati ya vyote, na makaburi ya watu wako pembeni. Asiye na kibanja ni mpangaji hapa duniani. Mimi sikuwa Mhaya, lakini mke wangu na watoto wangu walikuwa wanaishi katika nyumba ya mama mkwe, na nilitaka siku nitakapoivua sare niwe na mlango wa kufungua bila kubisha hodi.

Shemeji ndiye aliyekipata. Alikuwa ameacha jeshi vita vilipokwisha, akarudi kumtunza mama yake. Mzee mmoja wa jirani, mjane asiye na mtoto, alitaka kuuza kibanja chake kabla hajafa, na ukoo wake ulikubali. Nilitoa akiba yangu yote ya miaka ya vita. Tukapanga siku, nikaja likizo kwa ajili ya siku hiyo.

Sasa huko kibanja hakiuzwi kwa kupeana mikono tu. Karatasi haikuwa desturi ya watu wa mlima ule. Wazee wa ukoo wa muuzaji na majirani wa pande zote wanakuja, wanatembea mpakani pamoja na mnunuzi, na yeye anapanda kwenye kila kona mmea wa mpaka wanaouita omulamula, ambao haufi hata ukiukata. Halafu wanakaa chini, kibuyu cha rubisi kinatoka kwa muuzaji kinakwenda kwa mnunuzi, kisha kinazunguka kwa mashahidi wote. Basi, imekwisha. Kila aliyekunywa ni shahidi mpaka kufa kwake.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mimi nilikuwa nimevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, kwa sababu nilidhani siku kubwa kama ile inastahili sare. Tulipofika kona ya kwanza nilitaka kuchukua jembe.

"Weka chini, shemeji," akaniambia. "Utaichafua sare ya Mfalme. Matope haya mimi ninayajua."

Akachimba, akapanda. Kona zote akachimba yeye, akapanda yeye, na wazee wakamfuata nyuma kwa mazungumzo ya Kihaya ambayo mimi nilishika nusu yake. Mimi waliniletea kiti, nikakaa penye nyasi kavu. Mke wangu alinitumia chai kutoka jikoni. Wanawake hawakai kwenye shughuli ile.

Kibuyu kikaletwa.

"Yule bwana wa meli hanywi?" mzee muuzaji akauliza.

"Dini yake haimruhusu," shemeji akasema.

"Hata kuonja?"

"Hata kunusa!"

Wakacheka wote, nami nikacheka.

"Basi nani atakishika, waitu?" akauliza mzee wa ukoo, akitumia neno lao la heshima. "Hakiwezi kuwekwa chini."

"Kipishe kwangu," shemeji akasema, akinitazama mimi. "Si ndiyo, ofisa?"

"Kishike," nikasema. Nilimshukuru moyoni. Niliona ni ndugu anayenibebea kitu ambacho dini yangu hainiruhusu kubeba. Akanywa, akapangusa mdomo, kibuyu kikazunguka, nami nikanywa chai yangu.

Miaka iliyofuata nilijenga. Kila likizo nilileta kitu: misumari, bawaba, mabati. Shemeji alisimamia. Miche ya kahawa ilitoka Maruku, kwenye shamba la serikali la majaribio, na aliifuata yeye mwenyewe. Alijua kukata matawi, alijua kutandaza nyasi chini ya migomba, na kahawa yangu ilikuwa nzuri kuliko ya watu wengi pale mlimani. Sitamnyima hilo. Halafu bei ya kahawa ikapanda, watu wakaanza kununua baiskeli na kuezeka bati, na shemeji akaoa mke wa pili.

Dalili ya kwanza niliipata kwenye lori. Nilikuwa nakuja likizo, na utingo alikuwa mgeni.

"Unashukia wapi, bwana mkubwa?"

Nikamweleza: nyumba ya bati, juu ya mteremko, kibanja cha baharia.

"Ah! Kwa yule baharia mfupi!"

Mimi ni mrefu. Shemeji ndiye mfupi. Nilicheka, na usiku nilipomsimulia mke wangu hakucheka. Alisema tu, "Watu wanamwona yeye kila siku. Wewe hawakuoni."

Likizo iliyofuata nilikuja na habari kwamba nimeomba kuacha kazi ya jeshi. Nilikuwa nimechoka kuwa baba wa kuja na mizigo. Mtoto wangu mdogo alikuwa akinisalimu kwa adabu ambayo mtoto humpa mgeni, na hiyo iliniuma kuliko jambo lolote la baharini. Nilimkuta shemeji akianika kahawa mbele ya nyumba yangu, nikamwambia mwaka huu nahamia moja kwa moja.

Aliendelea kugeuza kahawa kwa reki.

"Utahamia wapi?" akauliza.

"Wapi? Hapa."

"Hapa mna nafasi ya kulala, shemeji. Wewe na dada yangu hamtafukuzwa hapa."

Nilidhani anatania, kwa sababu maisha yetu yote tulikuwa tukitaniana. Nikamwambia aache mzaha na jua kali namna ile. Ndipo akaiweka reki chini.

"Nisikilize. Nani alipalilia hapa wakati wewe uko Ceylon? Nani alifuata miche Maruku kwa miguu? Mke wangu wa pili anajifungua mwezi ujao. Kule kwa mama kumejaa. Wewe una bahari nzima. Mimi nina hiki tu."

"Hiki ni changu. Nilikinunua mimi."

"Ulinipa msaada," akasema. "Shemeji humsaidia shemeji. Kibanja nilikishika mimi. Waulize waliokuwepo."

Alisema kwa sauti ya chini, hata kuku waliokuwa wakidonoa kahawa hawakushtuka. Nilisimama pale na koti mkononi. Ningeweza kumpiga; nilikuwa na nguvu kumshinda. Lakini nilikuwa nikikumbuka mkono wake kwenye mkanda wangu, kule kwenye meli, na sikuweza kuunyanyua wangu.

Nilikwenda kwa mukungu, mkuu wa kijiji, naye akatupeleka kwenye baraza la gombolola, chifu mdogo aliyesikiliza mashauri ya eneo lile. Yule mzee aliyeniuzia alikuwa amekwisha kufa. Waliokuwepo siku ile walikuja wote, na nilifurahi kuwaona. Niliwajua kuwa watu wakweli. Hawakuwa wamenunuliwa na mtu, nami sikuogopa.

"Nani alitembea mpakani?" gombolola akauliza.

"Huyu," mzee wa ukoo akasema, akimwonyesha shemeji.

"Nani alipanda omulamula?"

"Huyu."

"Nani alikishika kibuyu kutoka kwa muuzaji?"

"Huyu, waitu."

"Na huyu bwana wa meli alikuwa wapi?"

"Alikuwa amekaa kwenye kiti, anakunywa chai."

Baraza lote likacheka. Hata karani alicheka. Nilieleza habari ya dini yangu, nikaeleza habari ya sare, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia natapika tena mbele ya wanawake wenye kuku. Gombolola alinisikiliza kwa heshima. Akaniuliza fedha nilimpa nani mkononi. Nilimpa shemeji, ampe mzee ndani ya nyumba. Shemeji akasema ulikuwa msaada tu. Akaniuliza kama kuna aliyeniona nikimpa. Mke wangu akasimama, akasema fedha ilikuwa yangu na kibanja ni changu, mbele ya kaka yake.

"Uliona kibuyu kikipita, mama?" gombolola akamwuliza.

"Sikuona. Nilikuwa jikoni."

Akabaki mtu mmoja, mama mkwe. Yeye alijua kila kitu. Fedha ile ililala nyumbani kwake, chini ya kitanda chake, tangu nilipoileta mpaka siku ya kibuyu, na alikuwa akiniambia kila asubuhi, "Mwanangu, fedha yako ipo." Alikuwa ameniita mwanangu tangu siku ile ya kahawa, kabla hata sijamwoa binti yake. Gombolola akamwuliza kibanja ni cha nani.

Alipiga magoti, akatazama chini.

"Wote ni wanangu," akasema.

"Mama, jibu."

"Nimejibu, waitu. Wote ni wanangu."

Wakamwacha, kwa heshima ya umri wake. Shemeji hakuniangalia. Mashahidi wote walisema kweli, na sikuwa na hata mmoja wa kumkasirikia. Watu wawili tu wangeweza kuniokoa, mmoja akasema uongo na mwingine akasema kitu kizuri. Mpaka leo sijui ni kipi kiliniuma zaidi. Au najua. Cha mama.

Kibanja kikawa cha shemeji. Gombolola aliongeza kwamba kwa kuwa nilimsaidia ndugu yangu, ni vema aniruhusu kuishi pale muda wowote nitakaopenda. Shemeji akasema ameridhia kwa moyo wote.

Niliandika kwa wakubwa wangu kwamba nimebadili nia, siachi kazi. Mke wangu hakuniuliza kama anakuja Mombasa au anabaki. Alianza kukunja nguo za watoto siku ile ile. Nilimwambia anaweza kubaki kwa mama yake, sitamlaumu. Akasema, "Mama yangu ana wana wengi," akaendelea kukunja.

Siku ya kuondoka, shemeji alikuja alfajiri. Kwa desturi yao mtu hamwachi shemeji yake abebe sanduku lake mwenyewe. Akaliinua sanduku langu la jeshi, lenye jina langu kwa rangi nyeupe, akalitia kichwani na kulibeba mpaka kwenye lori. Bukoba akashuka nasi, akalibeba tena toka stendi mpaka bandarini. Watu tuliopishana nao njiani walimsifu. "Huyo ndiye shemeji!" mwanamke mmoja muuza samaki akasema. "Wangu hata kuku wangu hajawahi kunibebea."

Nilimwacha abebe. Ningelichukua lile sanduku pale barabarani, watu wangeona mtu mrefu aliyevaa sare akimnyang'anya mtu mfupi anayemsaidia, nami nilikuwa nimechoka kuonekana.

Gatini aliliweka chini, akapangusa jasho. Akatoa mfukoni kifurushi cha jani kavu la mgomba.

"Mama amewapa," akasema.

Ilikuwa kahawa ya kutafuna. Tangu nilipooa, nyumba ile haikunipa tena kahawa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafungulia wageni kikapu. Sikunyoosha mkono. Alibaki ameishika ile kahawa kati yetu, na kwa mara ya kwanza tangu baraza akanitazama machoni.

"Safari njema, ofisa," akasema.

Mke wangu ndiye aliyeipokea. Akaifunga kwenye pindo la kanga, akapanda meli bila kumuaga kaka yake.

Meli ile iliishia Mwanza, ambako tungepanda nyingine ya Kisumu. Ilipofika chini ya mteremko wetu ziwa lilikuwa shwari, na juu kule bati langu liling'aa kati ya migomba. Watoto walikimbilia ukingoni kabla sijawazuia, wakanyoosha mikono na kupiga ishara kwa vitambaa vyao, herufi baada ya herufi, kama nilivyowafundisha. Hapakuwa na mtu juu ya mteremko. Wale waliokuwa wakisimama pale ndio hao niliokuwa nao melini.

"Baba, mbona mjomba hajibu?" mdogo akauliza.

"Hajui kusoma ishara," nikasema. Alizijua vizuri. Tulifundishwa siku moja.

Mke wangu alikaa juu ya sanduku akitazama pwani, anatafuna kahawa ya mama yake punje moja moja, polepole, mpaka mteremko ukafichwa na rasi. Hakulia. Alibakiza punje moja, akaniwekea kiganjani na kunifumba vidole.

Tangu hapo nimeishi miji mingi, jeshini na baada ya jeshi, na kila mji nimepanga chumba. Watoto wananiuliza tutajenga lini, nawajibu bado natafuta mahali. Kuna asubuhi ninaamka nikisikia harufu ya magunia ya bandari ya Bukoba, na kabla sijafumbua macho ninafurahi.

Tulipofika Mwanza ile punje ilikuwa bado mkononi mwangu, imelowa jasho. Niliitupa majini, kati ya meli na gati, mahali penye mafuta. Halafu nikaliinua sanduku langu mwenyewe.